Kichwa cha Mwalimu Shen

Miaka ile wafalme walikuwa wakibadilika kama bei ya mchele. Kwanza tuliambiwa mfalme wa Beijing amejinyonga nyuma ya kasri lake, kwa sababu waasi wameingia mjini na hakuna askari aliyebaki kumlinda. Baba yangu alivaa nguo nyeupe za msiba na kufunga shule. Kabla hajazivua, tukasikia waasi nao wametimuliwa na Wamanchu, watu wa kaskazini ya mbali, ng'ambo ya ukuta mkuu, na kwamba aliyekaa kwenye kiti cha enzi sasa ni mtoto wa Kimanchu wa umri wa kuanza shule. Huku kwetu kusini wakubwa wakasimika mfalme wao, binamu wa yule marehemu. Huyo alipenda mvinyo na maigizo. Jeshi la Wamanchu lilipovuka mto mkubwa, alitoroka Nanjing, mji wake mkuu, bila kumuaga hata mpishi wake, na baadaye wakamkamata.

Sisi wa Liutang tulikuwa mji mdogo wa mifereji na miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri, na vita vilitupita pembeni. Askari walikuja, wakaweka kambi karibu na daraja, wakala bata wetu wengi. Watu walibandika milangoni karatasi za njano zenye maneno "raia wema" ili waachwe kwa amani. Mama alibandika ya kwetu. Baba alipoiona alisimama akaitazama kwa muda.

"Umekosea herufi ya pili," alimwambia.

"Basi iandike wewe."

"Siandiki."

"Basi iache ilivyo," Mama akasema, na karatasi ikakaa na kosa lake.

Baba yangu, Mwalimu Shen Boyan, alikuwa mtu wa kunyooka. Alifaulu mtihani wa kwanza wa serikali akiwa kijana, akashindwa wa pili mara nyingi mno, akaamua kufundisha watoto wa wauza samaki kusoma. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya mume wangu kufa kwa tauni, nikichemsha vifukofuko vya viwavi na kuvuta hariri. Kaka yangu Wenkai alikuwa mtia rangi vitambaa, na mikono yake ilikuwa ya bluu mpaka viwikoni. Baba alitamani mikono hiyo ishike kalamu, lakini alishanyamaza kuhusu jambo hilo.

Majira ya joto yalipokolea, ndipo lilipokuja tangazo.

Mpiga mbiu alipita mtaani na upatu wake. Kila mwanamume anyoe nywele zote za mbele, abakize za nyuma tu, azisuke msuko mmoja kama Wamanchu. Amepewa siku kumi. Atakayebaki na nywele zake, kichwa chake hakitabaki.

Mtu asiye wa kwetu angeweza kusema, nywele tu. Lakini wanaume wetu hawakuwa wakikata nywele. Walizifuga tangu utotoni na kuzifunga fundo utosini, kwa sababu mwili umetoka kwa wazazi na hupewi ruhusa ya kuuharibu. Baba alikuwa amewafundisha hivyo watoto wa mji mzima. Hata Pang mchinjaji, ambaye hakuheshimu kitu chochote chini ya mbingu isipokuwa kisu chake, alifunga fundo lake kila asubuhi kwa uangalifu.

Pang ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoa. Alipita mbele ya shule akiwa na paji jeupe kama yai la bata. Baba akafunga dirisha.

Siku iliyofuata Wenkai akarudi nyumbani na kitambaa kichwani. Mama alimtazama mara moja akaelewa. Alimsogezea kiti. Baba alikuwa mezani akinywa chai.

"Kivue," Baba akasema.

Wenkai akakivua. Mbele kichwa kilikuwa kimenyolewa, kina mikwaruzo, na nyuma kilining'inia kisuko chembamba kama mkia wa panya.

"Baba, nina mke mjamzito," Wenkai alisema. "Na karakana iko hatua chache kutoka kambini. Wananiona kila siku."

"Sijakuuliza."

"Najua hujaniuliza. Nakueleza."

Baba akaweka kikombe chini, akainuka, akaenda chumba cha shule na kufunga mlango. Tangu siku hiyo hakumsemesha Wenkai. Akipita, Baba alitazama ukuta. Wenkai alikuwa mtu mzima, lakini nilimwona uani akifuta macho kwa ile mikono yake ya bluu, na uso wake ukabaki na michirizi.

Kisha zikaja habari za mji mmoja wa mashariki. Watu wa huko walikataa kunyoa, wakafunga malango, wakapigana kutoka juu ya kuta mpaka mji ukaanguka. Waliotoroka walipita kwenye mfereji wetu wakiwa wamejazana kwenye mashua. Mama aliwapelekea uji. Mwanamke mmoja alishika bakuli bila kunywa mpaka uji ukapoa, akamrudishia likiwa limejaa. Mama alirudi nyumbani na bakuli lile, akaketi jikoni, akaniambia, "Huining, baba yako hatanyoa."

"Najua, Mama."

"Basi lazima tufikirie, kwa sababu yeye ameshaacha kufikiria."

Alikuwa sahihi. Asubuhi iliyofuata Baba alioga kwa maji mengi, akavaa joho lake la bluu la siku za mtihani, lililokuwa limembana tumboni. Alifagia uwanja wa kisima, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya. Akamwambia Mama kwamba anapenda kuzikwa juu kule kwenye miforosadi ya babu yake, upande usiopigwa na upepo, na kwamba vitabu wapewe watoto watakaoonyesha juhudi.

Mama alikuwa akichambua maharage. Hakuinua uso. "Mtoto gani ameonyesha juhudi?"

Baba akafikiri. "Yule wa Mao kinyozi."

"Haya. Nimesikia."

Alipoingia ndani, Mama aliweka ungo chini na kunivuta mkono mpaka nyuma ya jiko. "Nenda kwa mjomba wako," akasema. "Mwambie dada yake anamwita. Mwambie aje na wembe."

Mjomba wangu alikuwa mtawa. Jina lake la utawa lilikuwa Juechan, ingawa Mama bado alimwita Afu kama walipokuwa watoto. Aliishi katika hekalu dogo mlimani pamoja na watawa wengine wachache na mbuzi mmoja. Hakuwa amekanyaga nyumbani kwetu tangu harusi yangu. Siku ile Baba, akiwa amekunywa kidogo, alisema mbele ya wageni wote kwamba mwanamume anayewaacha wazazi wake wazeeke peke yao, anyoe kichwa na kwenda kugonga kibao cha sala mlimani, hana mahali mezani kwake. Mjomba aliweka vijiti vyake chini kwa utaratibu, akamwinamia Mama, akaondoka. Supu ilikuwa haijaletwa bado.

Nilimkuta akipalilia maharage, kofia ya nyasi kichwani. Nilimweleza yote. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, kisha akaegemea jembe.

"Kwa hiyo Mwalimu Shen anataka kufa ili asinyoe."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na dada yangu anataka nimnyoe ili asife."

"Ndiyo."

"Nywele zote?"

"Mama anasema watawa hawaguswi. Wamanchu wenyewe wanamwabudu Budha. Mtu akishakuwa mtawa hana nywele za mbele wala za nyuma, kwa hiyo hakuna cha kumdai."

Mjomba alianza kutabasamu, halafu akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Nilidhani ananicheka mimi. "Hapana, mwanangu," alisema akifuta macho. "Namfikiria shemeji. Afadhali tungekuwa tunakwenda kumnyoa simba." Akainuka, akajikung'uta. "Ngoja nichukue wembe. Na kibao pia."

Tulipofika mtaani kwetu tulisikia upatu. Muda ulikuwa umekwisha. Mao kinyozi alikuwa akitembea nyumba hadi nyumba na beseni lake na kigoda, na nyuma yake askari watatu. Mmoja alibeba mti mrefu begani. Hatukuhitaji kuuliza wa nini: ulikuwa wa kutundikia vichwa. Walikuwa bado kule mwisho, kwa wauza samaki. Mjomba alipita mbele yao akiwainamia, na askari mmoja naye akainama.

Baba alikuwa amejifungia chumba cha shule. Mama alisimama nje ya mlango, kiganja chake kikiwa juu ya ubao.

"Nani huyo?" Baba aliuliza kutoka ndani.

"Mimi, shemeji. Afu."

"Umekuja kunisomea sala? Bado sijafa."

"Nimekuja kula. Mara ya mwisho niliondoka kabla ya supu."

"Mambo ya mzaha hayo, wakati nchi imekwisha."

"Nchi imekwisha, nami nina njaa. Fungua."

"Najua alichokutuma dada yako. Sitaki. Nywele hizi nilipewa na wazazi wangu."

"Na kichwa ulipewa na nani?"

Upatu ulilia tena, karibu zaidi. Mao alikuwa amefika kwa Pang, ambaye hakuwa na cha kunyolewa, basi hapo wasingekaa.

"Nikinyoa nimemtii Mmanchu," Baba alisema, na sauti yake sasa ilikuwa karibu na mlango.

"Mmanchu ameagiza unyoe mbele ubakize nyuma," Mjomba akasema. "Mimi nanyoa zote. Hebu nieleze kama mwalimu, kumtii kuko wapi hapo? Akikutaka msuko, utampa upi?"

Nilimsikia Baba akivuta pumzi kama anavyofanya mwanafunzi akimletea hoja asiyoitarajia. Lakini hakufungua. Ndipo Mama akasogeza mdomo wake kwenye ufa wa mlango. Hakupaza sauti.

"Baba Wenkai, unakufa kwa ajili ya mfalme, siyo?"

"Ndiyo."

"Yupi?"

"Unauliza nini, mama Wenkai?"

"Nauliza yupi. Yule wa Beijing amekufa. Yule wa Nanjing alikimbia usiku akawaacha watu wake, na sasa wamemfunga. Wenye mashua wamesema huko pwani wamejitangaza wengine wawili, kila mmoja anasema yeye ndiye, na badala ya kupigana na Wamanchu wanagombana wao kwa wao. Sasa mimi nikiulizwa mume wangu alimfia nani, nitaje jina gani? Niambie nilishike, maana mimi nimesoma kidogo."

Niliweka sikio kwenye ubao, nikiogopa kwamba ameshajidhuru.

Kisha komeo likavutwa.

Baba alisimama pale na joho lake la bluu. Mshipi ulikuwa umefungwa kwenye boriti nyuma yake, na kigoda kilikuwa chini ya mshipi huo. Mama alikiona. Aliingia, akakichukua kile kigoda, akakileta katikati ya chumba. "Keti hapa," akasema.

Baba akaketi.

Mjomba alifanya kazi haraka. Alifungua fundo, nywele zikamwagika mabegani mwa Baba, nyingi kuliko nilivyodhani, nyeupe karibu zote. Nilikuwa sijawahi kuziona zimefunguliwa. Mama alishika beseni. Wembe ulipogusa utosi Baba alifumba macho, na machozi yalitoka yakapita kando ya pua, lakini hakutikisika. Nywele zilianguka kwenye kitambaa nilichotandaza. Mjomba alikuwa amevaa majoho mawili, moja juu ya jingine, na alivua la juu akamvisha. Lilikuwa na jasho na harufu ya mbuzi.

"Kaa chini," Mjomba alimwambia. "Kunja miguu. Hapana, hivi. Umewahi kumwona mtawa au hujawahi?"

"Nilikuwa sitazami."

Nilisukuma kitambaa cha nywele chini ya kabati, nikaweka mbele yao kibao chenye jina la marehemu mume wangu, Mama akavuta ule mshipi kutoka kwenye boriti, na mlango wa mtaani ukagongwa.

Walioingia walikuwa Mao na askari wawili; yule mwenye mti alibaki nje. Mkubwa wao alikuwa kijana wa kaskazini, Mchina kama sisi, naye akiwa amenyolewa, na jua lilikuwa limemchubua paji. Aliwatazama wanaume wawili wameketi mbele ya kibao cha marehemu, Mjomba akigonga kibao chake cha mti, tok, tok, tok.

"Hapa ni nyumbani kwa mwalimu Shen," askari akasema. "Yuko wapi?"

Mao kinyozi alimtazama Baba. Mwanawe alikuwa amekaa miaka kwenye benchi la mbele la chumba kile kile. Ilikuwa rahisi kwake kumtaja. Neno moja tu, na yeye angekuwa salama zaidi.

"Mwalimu ameondoka, bwana mkubwa," Mao akasema. "Amekwenda utawani. Hawa ni watawa wa mlimani. Wanakuja kumsomea mume wa huyu binti, alikufa kwa tauni."

Askari akamsogelea Baba. Kichwa kilikuwa kibichi, kinang'aa, na nyuma ya sikio tone la damu lilikuwa bado linatiririka. "Mtawa mpya," akasema.

"Kila mmoja aliwahi kuwa mpya," Mjomba akajibu, bila kuacha kugonga.

"Na asome basi. Nisikie."

Sasa, Baba yangu hakujua sala hata moja ya Kibudha. Maisha yake yote alikuwa akiziita kelele za watu wavivu. Niliona mdomo wake ukifunguka na kufumba. Kibao kiligonga, tok, tok. Kisha akaanza, kwa sauti ya kukokota, akifuata mdundo. Ilinichukua muda kutambua anachosema. Alikuwa akitaja mababu zake. Shen Dehai, aliyechimba kisima. Shen Guangzu, aliyerudi kutoka vitani na mguu mmoja. Shen Yi, aliyepanda miforosadi. Alikwenda nyuma kizazi kwa kizazi, majina niliyoyasikia kila mwaka mpya na ambayo sikuwahi kuyasikiliza, na kila jina Mjomba aliligongea kibao kana kwamba ndiyo sala ya zamani kuliko zote.

Askari wa kaskazini hakuielewa lahaja yetu ikikokotwa vile. Baada ya muda alirudisha alani upanga aliokuwa ameushika, akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alipiga magoti.

"Mtawa," alisema, "mama yangu yuko Shandong. Sijui kama yu hai. Weka jina lake humo."

Baba alifumbua macho. Walitazamana. "Anaitwa nani?" akauliza, na swali hilo kijana alilielewa.

"Wang, wa ukoo wa Lü."

Baba akalitaja jina lake, polepole, katikati ya mababu zetu, na Mjomba akaligongea. Kijana akainama mpaka paji likagusa sakafu, akainuka, akatoka. Mao alibaki nyuma kidogo akiokota beseni lake. "Mwalimu," alinong'ona, "nyuma ya sikio bado kuna unywele." Kisha naye akaenda.

Hatukusogea mpaka upatu uliposikika ng'ambo ya daraja. Mama ndiye aliyesogea kwanza. Alianza kucheka. Alicheka akikaa chini sakafuni, akashika tumbo, machozi yakimtoka, akajaribu kusema kitu akashindwa, akamnyooshea Baba kidole. Baba alijipapasa kichwa, mbele, kisha nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba ambayo vyombo vyote vimeondolewa.

"Kuna baridi," akasema.

Mjomba akaangua kicheko, na mimi pia, na mwishowe Baba mwenyewe, kicheko kilichokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Nilitoka uani nikajimwagia maji ya kisimani usoni, na nilipovuta pumzi nilihisi ni ya kwanza tangu siku ya tangazo.

Mama alipika supu ya tofu na mizizi ya yungiyungi, bila nyama. Mjomba alikula mabakuli matatu. "Imechelewa," alisema, "lakini imefika." Baba akamwongezea la nne kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha. Mjomba alilielewa hivyo, akalila lote ingawa alikuwa ameshiba.

Wenkai alifika mbio kutoka karakana, amesikia kwamba askari wametoka kwetu. Alisimama mlangoni akihema, na kile kisuko chake. Baba aliinuka. Wakatazamana, mmoja na nusu ya nywele, mwingine bila kitu kabisa.

"Sogea," Baba akasema. Wenkai akasogea. Baba alimshika kidevu akamgeuza huku na huku, kama anakagua mwandiko. "Nani alikunyoa?"

"Mao."

"Amekukata vibaya. Mjomba wako ana mkono mzuri zaidi." Akamvuta akamkumbatia, na rangi ya bluu ikashika kwenye joho la mtawa. "Umekula?"

Kesho yake Baba alipanda mlima na Mjomba. Ilimbidi, maana mtaa mzima uliona. Tulidhani atakaa mpaka mambo yatulie, lakini alikaa huko maisha yake yote. Nywele zake tulizizika kwenye miforosadi, upande usiopigwa na upepo, na yeye na Mjomba wakaendelea kubishana hekaluni. Alikataa kuacha kula mayai. Alisahihisha herufi kwenye maandishi ya lango. Watoto wa wapasua kuni walianza kuja kujifunza kusoma, na Mjomba akalalamika kwamba hekalu limekuwa shule na mbuzi hana pa kulala.

Mke wa Wenkai alijifungua salama wakati wa vuli, mtoto wa kike. Tulimpeleka mlimani akiwa amefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Baba alimpakata juani, kando ya ukuta, na yule mtoto, ambaye hakuwa na nywele hata moja, akanyoosha mkono na kushika kichwa cha babu yake. Mama alikaa kando yao akimenya njugu za chestnati, akasema baridi mwaka huu haitakuwa kali.